Mjane ananiuzia gari la marehemu, sijamwambia kuwa nataka kulikata paa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka arobaini na kitu, naishi Phoenix, Arizona, na mke wangu na watoto watatu. Kazi yangu huku ni ileile niliyojifunza kwenye gereji ya mjomba: kunyoosha bodi za magari. Jina langu nakuomba usilitoe. Waswahili wa mji huu tunajuana, na habari yenyewe ina mama wa watu ndani yake.

Kwa wasomaji wasiojua, hotrodi ni gari la zamani, hasa Ford za kabla ya Vita Kuu ya Pili, linalovuliwa madigadi na kila kisicho cha lazima ili liwe jepesi, likawekewa injini yenye nguvu na kushushwa chini. Wengine hulikata na paa. Unakata nguzo zote za madirisha, unatoa inchi tatu hivi, unalirudisha paa mahali pake na kulichomelea. Likiisha linakaa kama limekunja uso. Mimi nilizipenda tangu nilipofika nchi hii, lakini mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 16, amezipenda kunizidi.

Shangazi, huyu kijana ndiye sababu ya yote. Kulikuwa na kipindi alijifungia chumbani, ukimsalimia anajibu kwa mguno. Siku moja nilimbeba kwenda naye kazini kwa sababu shule zilifungwa, akaona Ford ya mteja iliyokatwa paa, na jioni ile akaanza kuchora. Sasa kuta za chumba chake zimejaa michoro, zote paa limekaa chini. Tumekubaliana tujenge moja, mimi na yeye. Kwa kazi za ziada za Jumamosi nimeweka akiba ya dola 14,000.

Shida ilikuwa bodi. Sasa nimeipata, na hapo ndipo penye mtihani.

Kazini kwetu kulikuwa na mzee Mmarekani, fundi wa zamani. Huku magari ya bima hatuyanyooshi sana. Mlango ukibonyea unafunguliwa, unafungwa mwingine mpya. Mzee aliponiona nanyoosha digadi kwa nyundo, kipande cha chuma nimekiegemeza kwa nyuma, mpaka bati likarudi bila kuhitaji puti, ile rojo ya kujazia mabonde, alivuta kiti akakaa kunitazama. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Mwaka jana alifariki. Ameacha Ford Model A ya mwaka 1931, ya milango miwili, kwenye banda nyuma ya nyumba.

Mkewe aliniita nikalione. Nilikwenda na sumaku nimeivika soksi isikwaruze rangi, nikaipitisha chini ya milango, pembeni mwa dirisha la nyuma, kwenye kona zote ambako kutu hupenda kulala. Kila mahali iling'ata. Hakuna puti, Shangazi. Bati tupu! Nikaingia uvunguni na tochi: zile reli mbili za chuma zinazobeba bodi ni nzima kutoka mbele mpaka nyuma. Milango inafunga kwa kidole kimoja. Mbao za ndani ya paa zimesinyaa kwa ukame wa huku, na kile kitambaa cha katikati ya paa kimechanika, basi. Chasisi yake ipo, injini yake ipo, kadi ya gari ipo.

Mama yule anataka dola 6,500. Kuna muuza magari alimpa 9,000 akakataa. Aliniambia, "Nafurahi linakwenda kwako. Wewe utalitunza kama alivyolitunza yeye." Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mzee alikuwa hapendi hotrodi hata kuziona. Alikuwa akisema vijana wa zama zake walizimaliza Ford nzuri kwa msumeno. Na mimi mpango wangu ni kulikata paa, kuinua bodi na kuiweka juu ya chasisi mpya ya mtindo wa Ford ya 1932, na kutia injini ya V8, yaani ya silinda nane. Sijamwambia mjane hata neno moja la hayo.

Rafiki yangu kazini anasema nisipolikata mimi, mteja wa yule muuza magari atalikata, bora mimi ninayejua kazi. Mwanangu anasema, "Baba, ukimwambia hatatuuzia." Mke wangu anasema nimweleze mama wa watu ukweli, na kabla ya hapo nimkumbuke mama yangu mwenyewe, kwa sababu nyumba ninayomjengea Tanga imefika kwenye linta na niliahidi itaezekwa kabla ya masika. Maneno yake ni haya: "Mabati ya mama yako yanasubiri, wewe unakwenda kununua bati la miaka tisini."

Nimeangalia njia nyingine. Kwenye mtandao kuna bodi ya Model A huko Ohio, dola 4,000, imepakwa praima, rangi ya msingi, ya kijivu, picha zinavutia, ila haina chasisi wala kadi. Kuna bodi mpya za chuma za kutengenezwa kiwandani, bei yake imenitisha. Za faiba kijana hataki kuzisikia.

Nisaidie mawazo. Kuitikia kwa kichwa ni ahadi? Nikishalipa, gari si langu? Nimwambie, ninyamaze, au niliache?

Na dogo la mwisho: kijana anataka ajifunze kuchomelea kwenye gari hilo hilo. Mama yake hataki. Wewe unaonaje?

Fundi wa Tanga, Phoenix

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa rafiki yako. Umeupitia kwa neno moja tu, lakini mtu aliyevuta kiti kuitazama kazi ya mikono yako si mtu mdogo maishani.

Nimeishi California miaka mingi, na nimezunguka sana lile gulio la vipuri vya magari ya kale la Pomona, nikisindikiza watu wenye ugonjwa kama wako. Kwa hiyo naelewa maana ya kupata Model A ambayo sumaku inang'ata mpaka chini ya milango. Wapo watu wanatafuta bodi ya namna hiyo mpaka mvi zinawaota.

Umeniandikia kama mtu mwenye shida ya bodi. Nilipokusoma mara ya pili nikaona bodi umeshaipata, na umeikagua vizuri kuliko ambavyo ningekuelekeza. Kinachokukosesha usingizi ni watu wanne: mama aliyekuamini, mzee asiyeweza tena kusema, kijana aliyeanza kuzungumza nawe, na mama yako anayesubiri paa. Kila mmoja anavuta upande wake, na wewe unatumaini kwamba ukinyamaza kidogo wote watabaki radhi.

Tuanze na kile kichwa ulichokiitikia. Uongo hukusema, hilo nakubali. Lakini tazama hesabu yake. Mama yule alikuwa na dola 9,000 mkononi, akaziacha, akakubali 6,500 zako. Tofauti ni dola 2,500. Hakuzitupa. Amezitoa kununua kitu, na kitu chenyewe ni imani kwamba gari la mumewe litabaki gari la mumewe. Ukimlipa 6,500 kisha ukachukua msumeno, sheria itasema gari ni lako na hakuna polisi atakayekugongea. Wewe lakini hukuniuliza habari za polisi. Utakuwa umechukua punguzo, na alichokipunguzia bei hakipo.

Ndiyo maana hoja ya rafiki yako, kwamba usipokata wewe atakata mwingine, hainiingii sana. Huyo mwingine angelipa 9,000, na mama angejua anamuuzia nani.

Sasa niruhusu nikuulize: nani kakuambia atakataa? Wewe na mwanao mmeshamjibia. Hamjui. Mwanamke aliyeishi na mtu wa magari miaka yote hiyo anayajua mambo kuliko mnavyodhani. Inawezekana aliyekuwa akichukia hotrodi ni mumewe, na yeye ujana wake aliupenda upepo wa gari la wazi. Inawezekana anachoogopa ni banda kufunguliwa na mgeni asiyejua hata jina la marehemu. Inawezekana pia atanyamaza, macho yatamlenga machozi, akwambie hapana. Hilo nalo lipo na sikufichi: ukisema, unaweza kulikosa gari. Anaweza pia kusema, "Kwa kazi hiyo nipe 9,000," na hapo utakuwa umeuziwa kwa uwazi, ila mfuko umetoboka zaidi.

Kuhusu marehemu, napenda tumheshimu bila kumfanya hakimu. Alisema vijana walizimaliza Ford nzuri kwa msumeno, na ni kweli walikata nyingi. Lakini hotrodi hazikuzaliwa kwa dharau. Zilizaliwa kusini mwa California, kwa vijana wasio na pesa, waliokuwa wakienda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage. Chama chao cha kusimamia mbio hizo, SCTA, kilianzishwa mwaka 1937, na El Mirage watu wanakimbiza magari mpaka leo. Walichukua Model A kwa sababu ilikuwa rahisi na nyepesi. Wakati ule ilikuwa mkweche tu, ya mitumba, kila uchochoro unayo. Injini yake ya silinda nne ilitoa nguvu farasi 40. Ford ilipotoa V8 mwaka 1932, yenye nguvu farasi 65, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliiweza, vijana wakasubiri zigongwe, wakanunua injini kwenye vyuma chakavu na kuzitia ndani ya Model A. Vita vilipokwisha, askari waliorudi nyumbani na ufundi walioupata jeshini wakaiwasha upya shauku hiyo kwa moto mkubwa zaidi. Kwa hiyo mwanao anapochora paa lililoshushwa anachora mila ya watu, yenye umri karibu sawa na gari lenyewe. Na Model A zilitengenezwa zaidi ya milioni nne na nusu. Ya banda lile si ya mwisho duniani.

Nakubali basi kwamba kukata si dhambi. Ninachojiuliza ni kwa nini uikate hii.

Maana bodi nzima thamani yake ni uzima. Mtu asiyejua nyundo anaitafuta kwa udi na uvumba kwa sababu kila tundu la kutu litamgharimu kwa fundi. Fundi huyo ni wewe. Kule kwenu jangwani, kwenye mashamba na viwanja vya skrepa, kuna maboksi, yaani mabodi matupu, ya Model A yasiyo na sakafu, yasiyo na milango, mengine yamekatwa paa tangu zamani na mtu aliyeshindwa kumaliza. Jua limekula rangi, mpira na mbao, ila bati mara nyingi limebaki, kwa kuwa mvua ni ya kuhesabu na barabara hazimwagiwi chumvi. Wanunuzi wengi wakiyaona hayo wanapita. Wewe ungekaa na mwanao mkatengeneza vipande vya chini, mkakata paa bila kumuudhi mtu, na kijana angejifunzia kwenye bati ambalo akilikosea halimlizi yeyote. Ubora wa bodi kwa mkono wako si sawa na ubora wa bodi kwa mkono wa karani wa benki.

Njia hiyo nayo ina hatari yake, na ni hatari ya muda. Kijana ana miaka 16. Bodi iliyooza inaweza kukaa uani mpaka ameondoka kwenda chuoni, na wewe ukabaki na boksi lenye kutu na michoro ukutani. Miradi ya namna hiyo mingi hufa hivyo, nimeiona ikiuzwa Pomona ikiwa nusu, wenyewe wamekaa pembeni kwenye viti vya kukunja hawapendi hata kuulizwa.

Ile ya Ohio sina amani nayo. Huko majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hula gari kutoka chini kwenda juu. Ungeomba picha za reli za chini, za kona za chini ya mlango, za bati la chini ya dirisha la nyuma, na za sakafu ya nyuma, kabla na baada ya praima. Muuzaji asiye na picha za kabla, ujue praima ndiyo anayokuuzia. Na ikiwa bodi ilisafishwa kwa mchanga wa mashine na mtu mwenye haraka, mabati mapana huvutika yakawa na mawimbi, na wewe unajua kuliko mimi kazi ya kuyarudisha. Hata kipimo cha futi kutoka kona hadi kona, kukingama, mwambie akupigie na akutumie. Asipotaka, umepata jibu bila nauli.

Lakini kubwa zaidi ni kadi. Kwenye Model A namba haikugongwa kwenye bodi. Ipo kwenye injini na kwenye chasisi. Bodi peke yake haina utambulisho, mwanangu. Ukiijenga juu ya chasisi mpya, jimbo litaihesabu kama gari lililoundwa na mtu binafsi, na kila jimbo lina ukaguzi wake. California, kwa mfano, hutoa vyeti 500 tu kwa mwaka vya kuruhusu gari la namna hiyo lihesabiwe moshi wake kwa umri wa bodi au wa injini. Kwenu Arizona nenda ofisi ya usajili ukaulize kabla hujatoa hata dola ya bahasha. Na mtu akikupa kadi ya gari jingine "kukusaidia", mrudishie.

Jambo hilo linaligusa hata gari la mjane, ingawa hukulitaja. Unasema utaiinua bodi na kuiweka juu ya chasisi ya mtindo wa 1932. Namba inabaki na chasisi ile ya zamani. Kwa hiyo ile kadi iliyokupendeza, ukifuata mpango wako, huenda isikufae kabisa.

Bodi mpya za chuma zipo kweli. Kiwanda cha Brookville, palepale Ohio, kinatengeneza za rodsta, yaani gari la wazi, za Model A na za Ford ya 1932. Haina kutu, milango inafunga, hakuna marehemu wa kumkosea. Wala haina paa la chuma la kukata. Bei yake umeshaiona. Ninachokiogopa mimi ni kwamba haikuachii cha kufanya na nyundo yako, na nadhani nyundo ndiyo unayotaka mwanao aione.

Kuna njia moja hukuitaja kabisa: kulinunua gari la mzee na kuliacha paa lilivyo. Bodi ya Model A imefungwa kwa bolti juu ya chasisi, si kitu kimoja kama magari ya siku hizi. Inainuliwa, inarudishwa. Unaweza kuitumia chasisi yake hiyohiyo, ukaipa nguvu kwa ndani, kadi ikabaki na maana. Unaweza kushusha gari, kutia V8, kuweka breki za mafuta, maana zile zake ni za fito na V8 haizitaki hata kidogo, na kila ulichofungua ukakifunga kwenye boksi lenye maandishi. Hotrodi za paa zima zipo tele na zinaheshimiwa. Hapo ungekuwa na la kumwambia mama yule: nitabadilisha hiki na hiki, msumeno sitaugusa, na siku mtu akitaka kulirudisha kama lilivyokuwa ataweza. Akikubali, umempa ukweli na amekupa gari.

Ila usitoe ahadi hiyo kwa sababu ya bei. Kila asubuhi utalipita lile paa. Michoro ya mwanao iko ukutani. Jiulize kama mtaweza, wewe na yeye, mwaka huu na miaka mitano ijayo. Kama moyoni unajua msumeno utafika tu, ni afadhali usilichukue kuliko kulichukua kwa ahadi.

Nimefika kwa kijana. Umeandika kwamba alianza kuchora jioni ile. Mimi nilichokiona ni kwamba alianza kuchora baada ya kushinda siku nzima na baba yake. Sijui kama ni paa lililomtoa chumbani au ni wewe, na nadhani hata yeye hajui. Muulize, si kwa kumtega. Na lile neno lake, "ukimwambia hatatuuzia", usimkaripie kwalo. Ni neno la mtoto mwenye tamaa ya kitu kizuri. Ila anakutazama utafanya nini nalo. Mimi ningefikiria kwenda naye kwa yule mama, akae hapohapo, asikie mwenyewe, na akitaka aende na mchoro wake mmoja.

Mkeo amenichekesha, lakini hakusema mzaha. Hebu kaeni na karatasi. Ukitoa 6,500 kwenye 14,000 zinabaki 7,500, na hapo hujanunua injini, gia boksi, breki, matairi, nyaya, vioo, na bima ya kijana wa miaka 16 nyuma ya V8. Bodi huwa ndiyo mwanzo wa matumizi. Kama mabati ya Tanga yanatoka kwenye fungu hilohilo, basi mojawapo litasubiri, na ni vizuri mkeo na mama yako walijue sasa kuliko walione masika yakishaanza. Labda mama mjane yuko tayari kukuwekea gari miezi kadhaa ukimpa sehemu ya fedha. Labda mama yako ana uwezo wa kungoja mpaka baada ya masika na anaogopa tu kukuambia, au hana uwezo huo na anaogopa vilevile. Mpigie umuulize mvua inaingia wapi pale anapolala sasa. Mimi siwezi kukupangia lipi litangulie; anayejua hali ya nyumba ile ni nyinyi.

Kuna la kikaratasi kabla sijasahau. Kadi ile huenda bado ina jina la marehemu peke yake. Ikiwa hivyo, mama anaweza kutakiwa kukamilisha taratibu za mirathi za jimbo kabla ya kukuuzia, na ni hisani ukimsaidia hata kama mwisho wake hutalinunua. Angalia pia namba ya kwenye kadi na iliyopo kwenye injini. Ya kwenye chasisi imejificha chini ya bodi, upande wa kushoto, watu wengi hawajawahi kuiona. Injini ikiwa ilishabadilishwa zamani, namba hazitalingana, na ni bora mlijue hilo mapema, wewe na yeye pamoja.

Kuhusu kuchomelea: mwache ajifunze, mama yake atakubali akiona miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu, si kandambili kama za gereji zetu. Aanzie kwenye vipande vya bati mezani. Lakini kwenye Model A tanki la petroli halipo nyuma. Liko mbele ya dashibodi, ndani ya bodi yenyewe, karibu na magoti ya dereva. Lazima ling'olewe na kutolewa nje ya banda kabla cheche yoyote haijaruka, hata kama limekaa kavu miaka mingi. Tanki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na hilo mfundishe kabla hujamfundisha kushika tochi ya gesi.

Shangazi yako